Amana ya Rafu ya Juu

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Khorasani, chini ya milima, ardhi ilikuwa ikitetemeka mara kwa mara. Akaishi humo mcha Mungu aitwaye Dhakwani, muuza mafuta. Mitungi yake aliizika hadi shingoni katika mchanga wa sakafu, rafu akazifunga kwa kamba kwenye nguzo, na hakuacha jiko likiwaka dukani akitoka.

Jirani yake, muuza vioo, alimtania: "Sheikh, duka lako limekuwa makaburi!"

"Afadhali niizike mizima kuliko niifagie vipande," alijibu.

Siku moja Utaiba, mchuuzi mwenzake, alimwachia mitungi mitatu ya mafuta ya waridi akaenda Hijja. Ilikuwa rasilimali yake yote. Dhakwani akaiona amana ni tukufu mno kuwekwa miguuni pa watu. Akaipandisha rafu ya juu kabisa.

Mkewe, Bi Lubaba, akainua macho. "Mume wangu, Msahafu huwekwa juu kwa heshima. Mafuta huwekwa chini yasimwagike."

"Amana haikanyagwi, Lubaba."

"Nani kasema uikanyage? Nimesema uizike kama yako."

Dhakwani akatabasamu, akaendelea na tasbihi yake.

Tetemeko likaja adhuhuri. Watu walisalimika, alhamdulillahi. Dhakwani alipoingia dukani alikuta rafu zimesimama na mitungi yake haina hata ufa, ila duka zima linanukia waridi.

"Hiyo ni kadari," wenzake wakamliwaza. "Hata kadhi hatakudai." Lakini kila aliposujudu, waridi lilimnukia nguoni.

Utaiba aliporudi, habari zilikwisha kumfikia njiani. Akamkumbatia. "Usihuzunike, ndugu yangu. Mola amekadiria. Nimekusamehe."

Dhakwani angeitikia "Amin" tu, na mambo yangeishia hapo.

"Usinisamehe kabla hujasikia," akasema. "Ardhi aliitikisa Mola. Rafu niliichagua mimi, na mke wangu alinionya. Mali yangu niliizika, yako nikaiacha juu."

Utaiba akainua macho kwenye rafu. "Kumbe uliiponza kwa kuitukuza."

"Niliiponza. Chagua katika mitungi yangu hadi haki yako itimie."

Akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa mikono yake mwenyewe. Utaiba akachukua kadiri ya mali yake, wala hakuzidisha. Mashimo yakabaki wazi hadi msimu mwingine wa mavuno.

Ndugu zangu, waja hawa hawakuona kujiandaa kuwa ni upungufu wa imani, wala hawakuifanya kadari kuwa nguo ya kufunika uzembe. Nasi tunapozifunga rafu zetu, na tuanze na mali ya wenzetu. Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kusema kweli hata pale tulipokwisha kusamehewa.