Siku Ngiri Walipojitenga

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma mnatafuna mahindi tu? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, ngiri wa Kilima Chekundu walichoka kutawaliwa na Nyati. Kila walipoomba neno barazani, Nyati aliwaambia, "Nyinyi wachache, kaeni kimya." Asubuhi moja wakajitenga. Wakatangaza kwamba kilima ni nchi yao, wakacheza ngoma mpaka vumbi likafunika jua.

Bi Muhanga, yule mnyama mla mchwa, naye alicheza. Yeye, mama yake na bibi yake ndio waliochimba mashimo yote ya kilima kile, nao ngiri, wasiojua kuchimba, walilala humo. Alicheza kwa moyo wote, masikio yakipigapiga hewa, kwa kuwa alidhani uhuru huo ni wake pia.

Kisha Bwana Ngiri, mkuu wa nchi mpya, akapanda juu ya kichuguu akatoa sheria.

"Kuanzia leo, sote hapa ni ngiri! Mkia juu!"

Mikia ya ngiri ikasimama kama vijiti. Bi Muhanga akainua wake. Ukaanguka. Akainua. Ukaanguka. Akainua kwa nguvu zote, akaanguka yeye.

"Bwana Ngiri," alisema akijipangusa, "mimi si ngiri. Mkia wangu ni wa kuburuta, na nina maneno ya kusema barazani."

"Nyinyi wachache, kaeni kimya."

"Ala! Si ndivyo Nyati alivyokuwa akikuambia?"

"Nyati hakujua kuhesabu. Mimi najua." Ngiri wakacheka. "Asiyeweza kuinua mkia, jua likizama awe amehama."

Ahamie wapi? Udongo wote aliowahi kuujua ulikuwa wa kilima kile. Bi Muhanga akashuka shimoni na wanawe. Hawakufunga mizigo. Walipita chini kwa chini, wakaziba milango yote kwa udongo, wakipigana vikumbo na kuangua vicheko.

Jua likazama. Ngiri wakarudi kulala, wakaingia kinyumenyume kama kawaida yao, makalio yakitangulia. Pu! Pu! Pu! Wakagonga udongo.

"Fungua! Hii ni nchi yetu!"

Pu! Udongo haukusogea.

"Fungua! Sisi ni wengi!"

"Basi chimbeni, wengi," Bi Muhanga akajibu kutoka ndani.

Kule bondeni Fisi akacheka. Bwana Ngiri jasho likamtoka, na ile adabu aliyolelewa nayo ikamponyoka mdomoni: "Hodi, wenyewe!"

"Umesemaje?"

"Nimesema hodi."

"Hodi, nani?"

"Hodi... wenyewe."

"Kwa sauti, Bwana mkubwa, watu wako wasikie!"

"HODI, WENYEWEEE!"

Ngiri wote wakasikia. Hata Fisi kule bondeni akasikia.

Bi Muhanga angeweza kuwaacha huko huko nje. Lakini aliwasikia wakisukumana mlangoni kwa kumwogopa Fisi, akabomoa udongo.

"Karibuni. Mkia wangu utaburuta, na kesho barazani nitasema."

Kesho yake alianza kusema tangu asubuhi. Alisema ya maana, akasema ya upuuzi, kama wasemavyo wenye nchi wote, nao ngiri wakamsikiliza huku wakipiga miayo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Bi Muhanga yeye angali anasema.