Punje Mia za Uso wa Nyamvula

Paukwa!

Pakawa!

Nyuso zipo?

Zipo!

Basi zielekezeni huku.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, aliishi mwanamke aitwaye Nyamvula, yeye na mumewe. Uso wake ulikuwa na chunusi mwaka wa saba. Zinakuja, zinaondoka, zinarudi na jamaa zao.

Kijiji kilikuwa na desturi yake. Chunusi moja, punje moja ya mahindi ungoni. Punje zikifika mia, mwenye uso anahamishiwa kibanda cha porini mpaka apone. Kibanda kile kilipokea watu, kurudisha hakikuwahi. Nyamvula alilijua hilo.

Siku ya kuhesabiwa ikafika. Mhesabuji alikuwa Mzee Ngoka, ambaye pua yake ilifika popote kabla yake. Akainama. Punje, ti! Punje, ti! Punje, ti!

“Tisini na saba... tisini na nane...”

Nyamvula akafumba macho.

Chaaafya! Mzee akapiga chafya, ungo ukamponyoka. Kuku hao! Do-do-do-do! Zikabaki punje nne.

“Nne,” akatangaza Mzee Ngoka, bila haya. “Amepona!”

“Hesabu upya!” watu wakapiga kelele.

Hapo akajikongoja Bi Mbeyu, ajuza ambaye neno lake halikupingwa kijijini, macho yote yana ukungu.

“Kama kuku wanatibu, wapeni uganga,” akasema. “Huyu nitampima mimi.”

“Utampimaje nawe huoni?”

“Nyinyi mnaona, mmepima nini?” Akamshika Nyamvula mkono. “Mjukuu wangu, inauma lini?”

Miaka saba, hakuna aliyewahi kumuuliza.

“Nikipuliza moto, bibi. Na nikicheka.”

“Kisimani unakwenda?”

“Mwaka wa tatu siendi. Watanihesabu.” Akaangua kilio.

Bi Mbeyu akawaka hasira.

“Ugonjwa huu ni mkali, na nusu yake mmeuleta nyinyi! Waliomo kibandani watolewe, kichomwe leo. Moto atapuliza mumewe. Na maji yake atateka Ngoka, mpaka Nyamvula mwenyewe atakapotaka kwenda kisimani.”

Mzee Ngoka akajitwisha mtungi. Hatua moja, chubwi! Hatua mbili, chubwi! Maji yote puani. Nyamvula akacheka. Shavu likamuuma, akacheka tena. Siku ya nne akamfuata mpaka kisimani, mchana kweupe, ili amtazame vizuri.

Chunusi? Alizeeka nazo.

Basi, ukitaka kujua ugonjwa ni mkali kiasi gani, muulize mgonjwa ugonjwa wenyewe umemnyang'anya nini. Hadithi yangu imekomea kisimani. Anayetaka kuendelea, abebe mtungi.