Mkwe Aliyepita Chini ya Mlima

Sogeeni karibu, maana habari za wakwe hazisemwi kwa sauti ya sokoni.

Enzi hizo milima na mito walioana kama watu. Lipungu alikuwa mlima mzima, jiwe tupu toka nyayo hadi utosi, bila hata tundu la mjusi. Aliziba bonde lote kama mwanamume aliyekaa mlangoni. Na Nantundu, mto, alitiririka juani mbele za watu. Kutulia hakukujua. Kabla hajamaliza kusikia ya kijiji hiki, miguu ilishafika kijiji cha pili.

Akamwoza binti yake, Namweka, kwa Lipungu. Ngoma ikapigwa, bibi harusi akapelekwa nyuma ya mlima. Hapo ndipo Nantundu alipokumbuka jambo ambalo wengine hulikumbuka kabla ya kupokea mahari: mama mkwe na mkwewe hawatazamani uso kwa uso. Wakitazamana, mtoto wa nyumba ile huzaliwa bila sauti. Na njia ya kwenda kwa binti ilipita usoni pa mkwe.

Basi akawa wa kwenda na kurudi, akizichimbua kingo zake mwenyewe. Mpaka mbayuwayu, ambaye hajawahi kulala na neno tumboni, akaleta habari kwamba Namweka ameshikwa na uchungu na hana mwanamke wa kumshika mgongo.

Nantundu akapika uji wa mzazi, mweupe, mzito, akajitwika chungu. Akamtuma mbayuwayu amwombe mkwe afumbe macho. Lipungu akafumba. Lakini wanaume mnawajua. Nantundu hakumwamini hata ukope mmoja. Akajifunika kaniki usoni, akazama chini ya nyayo za mkwe.

Huko, giza. Akapapasa, akakwangua, akapanda, akatoboa: goti la mkwe hili hapa. Akarudi chini mbio. Akatoboa kwingine: ndevu. Kila alipogeuka uji ulimwagika, mwingine ukaganda darini, mwingine ukarundikana sakafuni. Na kilio cha binti kilikuwa kinafifia. Nantundu akasimama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, asijue pa kwenda.

Ndipo Lipungu, matundu yamemjaa tumboni, akasema polepole kama anayezungumza na upepo: "Tumbo hili linanisokota kushoto bure. Lingenisokota kulia, kilipo kitanda cha mke wangu, ningeshukuru. Mimi sijaona mtu."

Nantundu akaikaza kaniki usoni. Akageukia kulia, akasukuma kwa kifua. Akaibuka kando ya kitanda, akamdaka mjukuu mikononi: kijito kidogo, kinapiga kelele hata kitovu hakijakatwa.

Na tangu siku hiyo mto ule huzama mguuni pa mlima na kuibukia upande wa pili. Njia yake ya juani imebaki mawe makavu. Uji ungali unadondoka na kuganda jiwe jeupe katika mapango aliyoyatoboa. Nasi tukifika mlangoni mwa pango hukohoa kwanza, tukatazama kando. Ukiingia ukauliza kuna nani humo, mlima atakurudishia swali lako mwenyewe. Yeye hajaona mtu.