Panya Aliyehesabiwa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na mwenye usingizi asimwegemee mwenzake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajibu wakisemeshwa, mwanamke mmoja aitwaye Minza alikuwa uani akinyonyoa kuku. Maji yanapoa, manyoya yamemganda viganjani, na mapacha wake, Kulwa na Doto, wanalia njaa mlangoni. Mara binti yake mkubwa, Holo, akaja mbio.

"Mama! Chatu amekataa tena!"

Minza akafumba macho. Chatu huyo alikuwa wa mumewe, Luhende, mcheza ngoma ya nyoka. Alimtoa porini akiwa mdogo, akamfuga mtungini, na siku za ngoma alimvaa shingoni watu wakashangilia. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi: jioni mama huwahesabu wote walio chini ya paa, na mmoja akikosekana, au akiwa na njaa, hakuna anayemega tonge. Chatu naye alihesabiwa. Yeye alikula mara moja tu, mwezi ukiandama. Na mwezi uliandama siku hiyo.

"Umempa nini?"

"Nimempa panya mfu, akageuza kichwa. Nimempa dagaa, akageuza kichwa. Nimempa maini ya kuku, akageuza kichwa."

Minza akaingia ndani, akauendea mtungi. "Wewe bwana, una nini?"

"Mama Holo," akasema chatu, "mimi sili kisichokimbia."

Hapo Luhende akaingia kutoka shambani na kibuyu, na ndani ya kibuyu mna panya hai. Akampa Holo. "Mpe mama amtupie chatu, watoto wapate kula." Akaenda zake kuoga.

Baada ya muda Holo akamletea mama kibuyu; Minza akamtoa panya kwa mkia, akamning'iniza juu ya mtungi.

"Mama, ngoja kwanza," akasema panya. "Porini nyoka akinifukuza nina miguu minne na mashimo kumi. Humo mtungini nina nini?"

"Kweli," akasema Minza.

"Na mimi," akasema chatu kutoka chini, "nilijitia mwenyewe mtungini?"

"Kweli," akasema Minza.

"Na huyo kuku," wakasema wote wawili, "ulimuuliza?"

"Kuku nilimchinja mara moja, hakuhangaika."

"Alikushukuru?"

Minza akatazama manyoya viganjani mwake.

"Tena mama, huyo huwezi kumtupa," Holo akadakia. "Nimempa punje ya mtama. Yumo chini ya paa na amekula. Amehesabiwa."

"Nani alikutuma?"

"Alikuwa na njaa."

Haya, niambieni ninyi. Panya akiliwa, mmoja amekosekana, hakuna kula. Panya asipoliwa, chatu ana njaa, hakuna kula. Mapacha wakaongeza kilio.

"Baba Holo!" Minza akaita. "Nyoka ni wako. Sema!"

"Mimi nacheza naye tu," Luhende akajibu huko bafuni. "Mlishaji ni wewe."

"Ahaa. Mlishaji ni mimi."

Akajitwika mtungi, panya mkononi, akatoka mpaka nje ya ua wa minyaa. Akautua mtungi, akaulaza ubavu, akamweka panya chini.

"Hapa hakuna paa. Nitahesabu tatu. Panya, una miguu yako. Chatu, una njaa yako. Mimi nina ugali motoni. Moja!"

Panya akatega masikio.

"Mbili!"

"Nyoka wangu!" Luhende akatoka mbio, maji yakimtiririka.

"Tatu!"

Panya akachomoka kuelekea kwenye mtama. Chatu akatoka taratibu, akalala kidogo juu ya udongo kama aliyeusahau, kisha akafuata. Mtama ukatikisika huku, ukatikisika kule, ukatulia. Nani alimpata nani, Minza hakungoja kuona.

Jioni akapakua ugali na kuku, akahesabu.

"Luhende."

"Nipo. Na kesho ngomani nitacheza na nini?"

"Na miguu yako. Holo."

"Nipo."

"Kulwa. Doto."

"Tupo!"

"Na mimi. Haya."

Holo akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. "Mama, chatu amekula?"

"Hayumo chini ya paa."

"Panya je?"

"Hayumo chini ya paa."

Holo akalitazama paja la kuku lililokuwa mbele yake. "Na kuku? Asubuhi si ulimpa mtama humu humu ndani?"

 Minza akawatazama mmoja mmoja, akahesabu tena kwa vidole chini ya kanga, na safari hii hesabu ikakataa.

"Kuleni," akasema. "Wote mpo."

Wakala. Na ngano yangu imeishia hapo, kwenye mfupa.