Breka Iliyoshuka Mara Nne

Wapendwa, Jumapili moja mchana umeme ulikatika mara nne nyumbani kwa Bwana Mwasenga. Majirani wote walikuwa nao, yeye hana.

Alikuwa amemnunulia mama yake spika mbili za mtumba, zenye wavu wa chuma mbele. Mama huyo masikio yalishaziba. Nyimbo za kwaya alizisikia kwa kiganja: aliweka mkono kwenye spika, akatikisa kichwa, akatabasamu.

Siku hiyo kila spika zikiwashwa, breka ya ukutani, ile swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu, inashuka, tap! Mwasenga anaipandisha, inashuka tena. Mara ya nne akaipiga ngumi, akamwita fundi, dada mmoja wa jirani anayeitwa Ndimyake.

"Dada, breka hii imechoka. Ing'oe, uniunganishie waya moja kwa moja. Mama anangoja nyimbo zake."

"Una hakika kosa ni la breka, kaka?"

"Si ndiyo inayokata?"

Ndimyake hakubishana. Akachomoa kila kitu, akapandisha breka. Ikatulia. Akachomeka friji, ikatulia. Spika ya kwanza, ikatulia. Ya pili, tap! Akaifungua mgongoni. Panya walikuwa wametafuna waya, na shaba tupu imelalia ule wavu wa chuma.

"Mama huwa anashika wapi?"

Mwasenga alinyoosha kidole kwenye wavu ule ule. Akaketi sakafuni, miguuni pa mama. Mara nne mkono wa mama ulikuwa pale pale, na mara nne umeme ulikatwa kabla haujamdhuru. Akakishika kile kiganja cha uzee, kizima, chenye joto, akakibusu huku analia na kucheka. Mama, asiyejua lolote, akauliza, "Kwani kwaya wamemaliza?"

Ndugu zangu, yule bwana alimpenda mama yake, hilo halina ubishi. Lakini aliomba aondolewe kitu kilichokuwa kinamlinda mama huyo. Na sisi je? Ni mara ngapi tumepiga magoti tukimwambia Mungu, "Niondolee huyu anayenizuia"? Mke aliyesema usisaini. Rafiki aliyekunyang'anya funguo za gari. Moyo wako mwenyewe uliokataa. Tukawanunia! Leo tumekaa hapa wazima, tunaimba, na hatujui tuliponea wapi.

Basi ukitoka hapa, nenda kwa yule uliyemnunia kwa sababu alikukataza. Msalimie. Kisha muulize aliona nini.