Vidole Vitatu Mlangoni mwa Soko

Tofali lililoona moto haliogopi mvua. Mmemsikia muuza ndizi akimwambia hivyo binti yake aliyefilisika mwaka jana na leo anapanga meza upya, mkacheka. Kisha mkaniuliza tofali linahusiana nini na ndizi. Haya, sogeeni kivulini niwaeleze methali hiyo ilikotoka, maana ukuta mnaouegemea ndio ulioizaa.

Mji wetu ulipoamua kujenga soko la kudumu, hakuna aliyetaka kununua matofali kwa watu wengine. Udongo tulikuwa nao, kuni tulikuwa nazo. Kila mtaa ulifyatua matofali yake, na kila mfyatuaji alibonyeza alama ya vidole kwenye tofali likiwa bado bichi, ili ijulikane ni la nani. Mtaa utakaoleta matofali mazuri kuliko yote ungejenga mlango mkuu. Basi hapo watu wakapoteza akili.

Mtaa wetu wa bondeni ulimtegemea Mama Lugano, mwenye tanuri kubwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Alama yake ilikuwa vidole vitatu. Alijisifu waziwazi, na mimi simlaumu. Anayeijua kazi yake anyamaze kwa nini?

Sasa, tanuri lina tabia yake. Matofali ya ndani, karibu na moto, hutoka meusi, na mengine hupinda. Ya nje huungua kidogo tu, kwa hiyo hutoka mekundu, yamenyooka, ukiyatazama unayapenda. Kila mchomaji anajua yapi ni magumu. Lakini yalikuwa mashindano, na waamuzi walihukumu kwa macho. Mama Lugano akapeleka yale mekundu. Meusi aliyaonea haya, akayajengea banda la mbuzi nyuma ya nyumba. Mitaa mingine nayo ilifanya vivyo hivyo. Walisema soko litaezekwa kabla ya masika, hakuna litakaloharibika.

Mama Lugano alishinda, akapewa mlango. Tao la mlango lilipokamilika alipita chini yake akirudi na kupita tena, kama bibi harusi. Ila mvua haikungoja bati. Ilikuja mapema, ikanyesha mfululizo, na matofali yakaanza kumeguka kama mkate kwenye chai. Tao likaanguka kwenye tope. Hakuna aliyeumia, lakini alama za vidole vitatu zilitapakaa pale chini, na watu walizikanyaga wakipita. Iliuma sana. Kamati ya soko ikaitisha mkutano, na habari zilishavuja: wenyeji watanyang'anywa kazi, matofali yataletwa kwa lori kutoka mbali.

Mama Lugano alikuja mkutanoni na tofali jeusi kichwani, bado lina kinyesi cha mbuzi. Akalitua mezani mbele ya kamati. Fundi mkuu, Mzee Mwakatobe, akaziba pua.

"Mama Lugano, umetuletea nini?"

"Tofali, fundi."

"Hili si la bandani?"

"La bandani. Banda nimelibomoa leo."

"Kwa hiyo watu waje kununua mchele ndani ya zizi?"

"Mbuzi wangu wamelala pakavu tangu mvua ianze. Jiko lako jipya, baba, linaendeleaje?"

Watu waliangua kicheko, kwa sababu wote walijua jiko la fundi lilijengwa kwa matofali mekundu na sasa lilikuwa rundo la tope. Mzee Mwakatobe alijikaza, akashindwa, akacheka kuliko wote. Kisha akachukua nyundo, akaligonga lile tofali. Likalia kama sufuria.

Mama Lugano akasimama wima. "Ndugu zangu, niliwaletea sura. Yaliyoungua vizuri niliyaficha kwa kuwa yamepinda. Nilikosea, nanyi mlikosea pamoja nami, tusidanganyane. Lakini kufyatua tunajua, na kuchoma tunajua. Kila mtaa ubomoe mabanda yake, tujenge. Tofali lililoona moto haliogopi mvua. Na mimi nirudishieni mlango wangu."

Lori halikuitwa. Mitaa ilibomoa mabanda, vyoo na vibanda vya kuku, ikachoma na matofali mengine, na safari hii waligombania meusi.

Inueni macho muuone mlango wenyewe. Mweusi, umepinda kidogo upande wa kushoto, na masika yote yaliyopita yameuacha hapohapo. Wewe uliyecheka zaidi, weka vidole vyako kwenye lile tofali la chini. Vinaingia, eeh? Ndiye huyo Mama Lugano.

Mtazameni tena yule binti wa ndizi. Kupoteza biashara nzima ni moto, na ameupitia. Jirani zake wanampa pole; mama yake anamjua zaidi, ndiyo maana akamwambia: tofali lililoona moto haliogopi mvua.