Ubongo wa Namcheja Ulivyokataa Kusubiri

Kwanza apeni. Kila mtu mkono kifuani. Mkiisikia hadithi hii inasimuliwa kwingine, mimi simo, maana kizazi cha huyo mama Namcheja tunaoana nacho mpaka leo, na mdomo wangu huu mnaujua.

Zamani, jamani, ubongo ulikuwa na adabu, tena mtu akiuongelesha unamjibu. Hausemi neno mpaka macho yamalize kutazama na masikio yamalize kusikia. Hakuna aliyeshtuka. Nyoka anampanda mtu mguuni, mwenye mguu katulia anasubiri taarifa. Chekeni tu, na mimi nilicheka.

Sasa huyu Namcheja alikuwa anapalilia mtama na mwanawe Semvua. Nyasi zikatikisika. Macho yakaleta habari za madoa, masikio yakaleta habari za pumzi, ubongo ukawa bado unasubiri. Chui akamkamata Semvua shingoni, mama yake kasimama na jembe mkononi.

Akazika kilichobaki. Akajipiga paji la uso, akauambia ubongo siku nyingine usimngoje mtu. Ubongo ukakubali.

Alibaki na binti mmoja tu, Naetwe. Shamba akawa haendi bila panga. Kivuli cha mgomba, chui. Gogo, chui. Chakula hakipiti, usingizi haupo. Siku moja mtama ukatikisika. Macho hayajageuka vizuri, ubongo ushapiga kelele ni chui, mkono ushatupa panga.

Kilichoanguka kikasema, "Mama."

Naetwe alikuwa kamletea uji. Panga lilikuwa limemwingia begani, damu inatoka kama mfereji umefunguliwa. Namcheja akaukandamiza ule mfereji kwa mikono miwili, huku anausihi ubongo wake urudie adabu ya zamani.

Ubongo ukamjibu, "Nikiita majani chui, utashtuka bure. Nikimwita chui majani, utazika tena. Sirudi."

Basi bwana, damu ikakata, mtoto akapona, ila mkono ule haukunyanyuka tena. Na ni Naetwe aliyeanzisha hodi. Akimfuata mama shambani anakohoa tangu mbali, anaita, "Hodi mama, ni mimi Naetwe," na hasogei mpaka aone panga limewekwa chini.

Na tangu siku hiyo moyo wako unaruka kabla hujajua umeona nini, kanga kwenye kamba inakuwa mtu, na hakuna anayemtokea mwenzake kimya kimya. Tunapiga hodi, tunangoja.

Aliyeniambia ni mama mkwe wangu, Nakajumo. Mpaka anakufa alikuwa haingii jikoni kwangu kabla hajakohoa, na macho yake yalitangulia kwenye kisu.